Zamu ya Kurwa

Jumanne, 4 Juni

Nimerudi kazini, duka la dawa. Bosi ananitazama kama glasi yenye ufa. Kazi nimefanya. Kichwa kilibaki nyumbani.

Ubao wa sataranji bado uko kwenye kimeza cha korido. Hakuna aliyethubutu kuuondoa. Mume wangu Kurwa na pacha wake Doto walikuwa na zamu tofauti kiwandani, kwa hiyo walicheza kwa kupishana: anayerudi anasogeza kete moja, anakwenda kulala. Doto alishacheza. Ilibaki zamu ya Kurwa. Na Kurwa ndiye aliyeuawa na bomba la mvuke lilipopasuka — siku aliyokwenda kazini badala ya Doto, kwa kuwa Doto aliomba wabadilishane.

Doto hatoki chumbani. Mama mkwe anapeleka sahani, anairudisha vilevile.

Jumatano, 5 Juni

Doto amesimama korido, shati kalivaa nje ndani. Mfalme mweusi amesogea! Kete nyeusi ni za Kurwa.

Nikasema labda paka. Doto akasema hatuna paka, na hata tungekuwa naye, paka gani huyo wa kumtoa mfalme hatarini.

Amekula mkate, wima. Jioni akamsogeza malkia wake, akamtishia mfalme tena. Mimi sikugusa kitu.

Alhamisi, 6 Juni

Alfajiri nimesikia ndara korido. Za Kurwa — sauti ile ya kuburuta. Nimejifunika shuka mpaka kichwani. Nikataka kuita, nikaogopa kuitikiwa.

Mfalme amerudi alikotoka. Doto kanyoa ndevu.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi mfalme kasogea tena, palepale pa Jumatano. Ni nenda rudi. Doto akiacha kumtishia mfalme, Kurwa atamfunga yeye. Kwa hiyo kila jioni anatishia, na kila asubuhi mfalme anakimbia.

Jioni Doto amekula mezani, mara ya kwanza tangu msiba. Mama alikuwa uani akianua nguo. Doto akanieleza sheria. Kete zikipangika vilevile mara tatu, na zamu ikiwa ya mtu yuleyule, huyo anaweza kudai sare. Mpango huu, mfalme akiwa amerudi, umeshatokea mara mbili: siku moja kabla ya ajali, na jana. Leo amecheza. Mfalme akirudi tena kesho, ni ya tatu, na yeye atadai.

Nikauliza, halafu?

Akacheka kidogo. Akanikumbusha desturi yao tangu wadogo: aliyeshindwa anakwenda kulala, aliyeshinda anabaki kupanga kete. Ikiwa sare, wanainuka wote wawili, ubao unaachwa ulivyo.

"Sare hakuna anayebaki, shemeji."

Alisema taratibu tu, kama mtu anayesoma ratiba ya basi. Kwamba kaka anamrudisha mfalme palepale makusudi. Anamwita. Zamu ile ya kiwandani ilikuwa yake yeye Doto, na kaka kaja kumdai kwa upole, kwa kuwa kaka hakuwa mtu wa kelele. Kisha akavua saa yake, akasema nimtunzie. Nikamwuliza kwa nini. Akasema inambana.

Haimbani. Inamcheza mkononi, alivyokonda.

Jumamosi, 8 Juni

Naandikia jikoni.

Nimeamka kabla ya wote, nikidhani kabla ya wote. Korido kuna mtu ameinamia ubao. Ndara za Kurwa miguuni. Nikashika ukuta — ni mama mkwe. Kamshika mfalme kwa vidole viwili, kama yai.

Hakushtuka. Aliwalea hao wawili na ubao wao. Anajua mfalme anatembeaje, basi.

"Nisipomsogeza huyu, mwanangu, yule hainuki kitandani."

Nikamwambia yote, kwa kunong'ona. Mara ya tatu. Sare. Saa. Alikuwa akimrudisha mfalme mahali salama, hakujua kwamba kurudi nako kunahesabiwa. Akakaa chini sakafuni, mfalme bado mkononi. Nikamchukua mfalme, nikamweka pale alipokuwa, mbele ya malkia wa Doto.

Kurwa alinifundisha nusunusu, lakini hili naliona. Mfalme ana mahali pamoja tu pa kukimbilia, ndiyo hiyo sare. Njia nyingine ni moja: farasi aje amkinge. Doto atamla farasi kwa malkia, na mfalme atakuwa amefungwa. Kurwa atakuwa ameshindwa. Doto atabaki kupanga kete.

Nikamwomba mama asogeze farasi. Akatikisa kichwa, akasema: Nimzike mara ya pili, kwa mkono wangu? Nimzae, nimfunge? Cheza wewe.

Nimecheza mimi. Nilimwomba Kurwa radhi. Farasi ni mwepesi, mti mtupu, lakini nilihisi kama namwambia mume wangu usirudi tena. Na alfajiri ya Alhamisi nilitaka arudi! Mungu anajua nilitaka.

Mama yuko chumbani kwake, mlango wazi. Doto katoka sasa hivi. Namwona mgongo tu kutoka hapa. Amesimama muda mrefu.

"Kaka hachezi hivi."

Akauliza nani kacheza. Sikuinua kichwa. Akavuta kiti, akakaa. Hajawahi kukaa, wao walicheza wima, mmoja akirudi mwingine akitoka.

Analia, nadhani. Mabega.

Mkono uko juu ya malkia. Haumshiki. Akasema hawezi, hii si haki, kaka hakukosea, kaka hakosei.

Kisha sauti ya mama, kutoka ndani, kavu:

"Cheza, Doto. Mwache mwenzio akalale."

Mkono bado uko juu. Sasa umemshika malkia —