Samli Niliyokunyima

Baba,

Mwezi wa tano huu tangu tukuzike, na nyumba yetu ya Nyamirambo bado naitia kufuli mchana kweupe. Ulipokuwa hai nilikuwa nakufungia wewe, usije ukatoka, ukafika kwenye bariyeri ya wanajeshi barabarani, wakakuuliza jina lako nawe umelisahau. Sasa najifungia mwenyewe. Vita haijaisha, majirani wanasalimiana kwa shida, nami nashinda kwenye cherehani sina pa kwenda. Nimebanwa, Baba, hata pumzi naivuta kwa hesabu.

Juzi yule daktari ninayemshonea makoti meupe alikuja kujaribu koti lake. Nikajitapa kwake, wallahi nikajitapa, jinsi nilivyokuchunga mwaka mzima. Walipopima damu yako wakasema upunguze mafuta. Mimi sikupunguza, nilikata yote. Samli ya ng'ombe nikaifungia sandukuni, maana niliamua kwa akili yangu kwamba ndiyo iliyouziba ubongo wako. Daktari akaacha kufunga vifungo, akakaa.

Akaniambia ubongo hauombi samli kwa mtu. Kolesteroli yake unaitengeneza wenyewe, humo humo kichwani, tangu mtoto yuko tumboni. Utotoni unatengeneza nyingi, ya kufunika nyuzi za fahamu. Ukubwani unaendelea kidogo kidogo, ya kukarabati na kuunganisha pale seli zinapopashana habari, na uzeeni inapungua. Ile ya chakula inazunguka kwenye damu tu, haivuki kuingia ubongoni. Kupunguza kulikuwa sawa kwa ajili ya moyo, akasema, lakini kijiko kimoja juu ya viazi kisingekuzidishia kusahau, wala kukunyima kusingekurudishia kumbukumbu.

Kijiko kimoja, Baba! Kumbe nilikutesa bure.

Ulizoea kuniita "askari wangu," tukacheka wote. Siku ile ya mwisho hukucheka. Jina langu lilishakutoka, ukadhani mimi ni mama yako, ukanishika kitenge: "Mama, nionjeshe tu." Baba yangu mzima, mvi kichwa kizima! Nikakujibu, "Kesho." Alasiri ukafariki.

Shangazi, dada yako, nakaa naye sasa. Naye ameanza. Wiki hii ameniuliza mara tatu uko wapi.

Nisamehe wewe, maana mimi nimeshindwa kujisamehe. Mungu akupe raha huko uliko, Baba yangu. Nakuahidi hivi: dada yako akiniomba kitu, na kimo humu ndani, sitamwambia kesho.