Glavu Alizopuliza Nélida

Iquitos, 9 Machi

Mdogo wangu Zoila,

Mto umepanda hadi ngazi ya pili, na yule kuku uliyeniachia bado anataga. Mimi wiki zangu za kuishi zimebaki chache, kwa hiyo tafadhali soma mpaka mwisho.

Binti yako Nélida alipokuwa muuguzi chini yangu hospitalini, glavu za upasuaji tulizifua, tukazianika, tukazipaka poda na kuzivaa tena. Siku moja alinionyesha vidole vilivyochubuka.

"Mama mkubwa, glavu hizi zinaniunguza."

"Mikono ya malkia hiyo! Haya, nenda chumba cha glavu, ukae kitini upulize tu."

Nilidhani namhurumia. Huko kila glavu ilipulizwa kwa mdomo ili kutafuta tundu. Jioni midomo ilimvimba, wenzake wakamtania, "Nani kakubusu hivyo, shoga?" Naye akacheka. Daktari aliniambia mpira wa glavu ndio unaomdhuru, nimtoe upesi. Nikasema baada ya Pasaka, maana wauguzi walikuwa wachache. Alhamisi Kuu alikata roho mikononi mwangu, glavu bado ameishika.

Kwenye cheti cha kifo niliandikisha pumu ya utotoni. Wewe ukaamini ni moshi wa jiko lako uliomletea pumu hiyo, na tangu siku ile hujawasha kuni wala kupika wali wa kufungwa kwenye majani. Nami nilikuona, nikanyamaza miaka thelathini na minne.

Moshi wako haukumdhuru, Zoila. Washa jiko, ingawa najua huna tena wa kumpikia.

Dada yako, asiyetarajia jibu,
Hortensia