Kitundu cha Ijumaa

Jumanne, 3 Septemba

Kamati ya Ulinzi na Usalama imeanza vikao leo. Wabunge wanataka kujua nani serikalini aliisoma barua ya walinzi wa mpakani. Ile ya mwezi wa sita, walipoandika kwamba redio ya kituo chao ni mbovu, na wakivamiwa hawatakuwa na namna ya kumwita mtu. Mwisho wa mwezi wa saba wakavamiwa kweli. Saba wamekufa. Mama mmoja alikaa nyuma ya ukumbi, picha ya mwanawe mapajani. Hakuiinua. Aliishika tu.

Sisi wa Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, tunaandika kwa zamu, dakika tano tano. Linalosemwa linaandikwa. Hupunguzi, huongezi. Mwaka wa kumi na tisa huu.

Jirani yangu wa meza, tunayemwita Nukta kwa sababu sentensi haimpiti bila kuwekewa yake, kanisogezea kikombe. "Kunywa mama, usije ukazimika katikati ya Mheshimiwa." Nilicheka! Mara ya kwanza tangu nimzike mume wangu.

Barua ile lazima ilipita mikononi mwa mzee wangu. Alikuwa karani wa masijala katika wizara iliyoandikiwa barua hiyo, miaka ishirini na sita. Hakuniambia neno. Siri za kazi hakuzileta nyumbani hata kwenye mfuko wa koti.

Miwani yake bado iko kwenye kikombe cha kalamu. Sijaiondoa.

Jumatano, 4 Septemba

Zamu yangu ilianza saa nne na dakika ishirini. Laiti ingeanza saa nne na nusu.

Katibu Mkuu wa wizara ndiye aliyekuwa akihojiwa. Suti ya kijivu, sauti ya upole. Mwenyekiti kamuuliza kama aliiona barua. Hakuiona. Faili lilitoka masijala, kwake halikufika. Basi mbona daftari la masijala limeandikwa, "Limerudi toka kwa K.M. Apelekewe tena tarehe 14 Julai"? Hakutoa agizo hilo, akasema. Na kwenye kabati la masijala, lenye kitundu kwa kila tarehe ambamo faili husubiri siku yake, cha tarehe 14 kimefunguliwa. Kitupu.

Kisha akasema hivi, nami nikayaandika kwa vidole vyangu: "Karani aliyehusika ni marehemu sasa, Mungu amrehemu. Alikuwa mgonjwa. Alikuwa ameanza kusahau."

Nikaweka nukta. Nikaendelea.

Yule mama mwenye picha alitikisa kichwa polepole. Sasa anaye wa kumlaumu.

Kusahau! Moyo wake ndio uliokuwa mbovu, si kichwa. Asubuhi ya mwisho, pumzi zikimkatika, alinikumbusha kuzima pasi. Na kweli nilikuwa sijaizima.

Alhamisi, 5 Septemba

Wifi kapiga simu. Kasikia redioni. "Wamemuua mara ya pili. Na wewe wifi yangu ulikuwa humo humo ndani, kimya!"

Nikamwambia ndiyo kazi. Akakata simu.

Sikumlaumu. Nimeosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimepanga kabati la nguo. Nimekuta ndala za ngozi alizoniletea mwaka jana, kwa kumbukumbu ya ndoa yetu. Siku yenyewe iliangukia Jumapili, yeye kaja nazo Ijumaa, kazifunga kwa kile kifundo chake cha vitanzi viwili. Nikamtania: "Umekosea siku, baba. Au una mke mwingine wa Jumapili?" Akacheka mpaka akakaa. Akasema Jumatatu ni kuchelewa. La Jumapili hufanywa Ijumaa, hata kazini ndivyo afanyavyo.

Hata kazini.

Nikaacha nguo chini, nikaenda mbio jikoni kwenye kalenda. Tarehe 14 Julai — Jumapili! Wizara imefungwa. Mzee wangu asingeliweka faili kwenye kitundu cha siku isiyo na mtu. Angeliweka kwenye cha Ijumaa, tarehe 12, amkumbushe mkubwa wake mapema.

Ijumaa tarehe 12 tulikuwa tunamzika.

Wiki iliyofuata wakaleta kompyuta pale masijala, kabati likapelekwa stoo na vyote vilivyomo. Karani mwenzake ndiye aliyeniambia, alipokuja kuniletea koti la mzee wangu.

Nilikaa sakafuni. Kitinda, mtoto wetu wa mwisho, akachungulia: "Mama, umeanguka?" Nikamwambia hapana, mwanangu. Nimepumzika.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimemwambia Mhariri, mkuu wetu. Alikunja uso. "Ulipaswa kuniambia siku ya kwanza kwamba ni mumeo. Hapo umeteleza, mama." Ni kweli. Kaniondoa kwenye kamati ile, zamu zangu kapewa Nukta. Kisha akachomoa karatasi nyeupe, akanisogezea. "Huku umetoka. Sasa andika kama raia, umpe karani wa kamati."

Miaka yote naandika maneno ya wengine. Yangu yalitoka mistari sita, kwa saa nzima.

Na kama kitundu cha 12 nacho ni kitupu? Itakuwa mimi ndiye niliyemwaibisha.

Jumatano, 11 Septemba

Naandika kwenye benchi la nje ya ukumbi. Mapumziko ya dakika kumi.

Asubuhi Mwenyekiti alimtuma karani wa kamati stoo ya wizara, pamoja na askari wa Bunge. Nilikaa nyuma, kando ya yule mama mwenye picha. Hanijui mimi ni nani. Alinipa peremende.

Wakarudi saa tano. Karani akasema wazi, ili iandikwe: faili limepatikana kwenye kitundu cha tarehe 12. Akaliweka mezani. Faili la kijani, vumbi juu yake, limefungwa kamba nyeupe. Kifundo chake! Kile cha vitanzi viwili, alichofungia viatu vya Kitinda siku ya kwanza ya shule.

Karani akavuta, kikazidi kukaza. Akavuta tena. Mbunge mmoja akaita mkasi. Katibu Mkuu akaomba kwanza wakili wake awepo. Jasho, na feni zote zinazunguka.

Mwenyekiti akasema hakuna kukata kitu; wakili asubiriwe dakika kumi, na apatikane anayejua kukifungua.

Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nukta akaniona, vidole vikamgandia. Yule mama akageuka kunitazama. "Unamjua aliyefunga?" Nikamwambia, ni mume wangu. Hakusogea mbali. Picha aliigeuza, tuitazame sote wawili. Kijana, tabasamu mpaka masikioni.

Hakulipoteza. Hilo moja nimelipata, wifi atalisikia leo. Lakini ndani sijui kuna mwandiko wa nani. Pengine wa suti ya kijivu, ushahidi kwamba barua aliiona. Pengine hakuna mwandiko.

Unavuta kitanzi cha kushoto, taratibu, huku umebana katikati kwa kidole gumba. Alinifundisha. Sijawahi kujaribu bila yeye.

Wakili kafika. Kengele. Wananiita kwa jina la mume wangu —