Bega la Kushoto

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za cherehani, ambayo ni nzima kuliko mimi. Wewe mgongo unaendeleaje? Shemeji ameacha kukoroma? Watoto je? Nijibu moja baada ya jingine, usinichanganyie.

Mimi sijambo, isipokuwa bega la kushoto. Tangu miezi mitatu iliyopita lilikuwa linanitesa hadi nikashindwa kuunyanyua mkono kufikia hata kitasa cha dirisha. Nilishaanza kuwarudishia wateja vitambaa vyao. Nilijiona nafunga duka la baba kwa mkono wangu mwenyewe, na nililia, sikufichi.

Daktari akanielekeza kwa mtaalamu wa viungo, mwanamama mfupi mwenye vidole vigumu ajabu. Swali langu la kwanza, unanijua, lilikuwa: mara ngapi mpaka maumivu yaishe? Akacheka, akasema kila bega lina mambo yake, ila wagonjwa wake wengi huanza kuona nafuu kabla ya mara ya sita, na tukifika hapo bila mabadiliko ya maana atajiuliza ni kitu gani hajakiona.

Jibu hilo halikunitosha. Siku ya kuanza matibabu nilifika mapema makusudi niwahoji wenzangu kwenye ukumbi wa kusubiria. Dereva wa lori alisema yeye shingo ilikaa sawa mara ya tatu. Mwalimu mstaafu alihesabu kumi na mbili, na goti bado linamsema kila akipanda ngazi. Fundi mwashi aliniambia ameacha kuhesabu, na kwamba nami ningeacha kumsumbua ningepona haraka. Hapo ndipo nilipoamua kujipima mwenyewe. Nyumbani nilisimama ukutani, nikanyoosha mkono juu mpaka unapogoma, nikachora alama kwa chaki na kupima kwa futi. Baba hakukosea kuniita Futi.

Baada ya mara ya kwanza, chaki ilipanda inchi moja. Ya pili, moja na nusu. Ya tatu, mbili nzima, nikamwonyesha hadi jirani. Kisha ikasimama. Ya nne, ya tano, ya sita, chaki palepale. Natoka kwa mtaalamu nikiwa mwepesi, nashona siku mbili, bega linarudi kulekule.

Mara ya saba hakunilaza kitandani. Alinirudisha ukumbini, akaniambia nikae kwenye benchi refu la wagonjwa, nijifanye nashona. Nikakaa mwishoni kabisa, upande wa kulia, mkono wa kulia kwenye gurudumu, wa kushoto nimeunyoosha mbali kuifuata sindano. Akanitazama, kisha akauliza ni nani anayekaa pale pembeni yangu. Nikajibu bila kufikiri kwamba ni dada yangu. Akauliza wewe, dada, huwa unafanya kazi saa ngapi kwa siku. Nikamwambia uliondoka miaka minane iliyopita.

Ukumbi mzima ulinigeukia. Hata yule mwashi.

Unakumbuka baba alivyotupanga kwenye benchi moja mbele ya cherehani? Wewe kushoto unaongoza kitambaa, mimi kulia nazungusha gurudumu, nawe unanikanyaga mguu nikienda mbio. Nimeendelea kukaa palepale. Mtaalamu alisema mikono yake inalegeza bega kwa nusu saa, na benchi langu linalikaza kwa siku nzima, kwa hiyo hata mara hamsini zisingetosha. Nilitamani kumwambia ni mazoea tu. Lakini sasa nikuambie wewe ukweli.

Siku ile uliyofunga mizigo ukaanzishe duka lako, nilikuambia kwa hasira kwamba nafasi yako haitakaa wazi hata siku moja. Dada, nilikudanganya. Msichana aliyekuja kujifunza kazi nilimpa kiti chake mwenyewe, asikae nafasi yako. Wateja wakiweka mikoba yao upande wako, naiondoa. Mara nyingi nimejua mkono unavutika, na sikusogea. Nilikuwa nakusubiri, na kiburi kikanizuia kukuandikia hata neno moja la kukuita.

Sasa ni wiki mbili nakaa katikati. Jana ilikuwa mara ya tisa, na chaki imepanda inchi nne. Kitasa cha dirisha nakifikia. Mtaalamu anasema labda mara moja au mbili zaidi, basi.

Seremala ameshachora mstari wa penseli kwenye benchi, alikate libaki la mtu mmoja. Nimemwambia asubiri jibu lako. Ukisema huji, akate, na sitanuna. Ukisema unakuja, hata kwa wiki moja, nitasogea upande nikupishe. Ila safari hii sindano ni yangu, gurudumu uzungushe wewe.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na huo mgongo usiupuuze. Barua hii nimeiandikia katikati ya benchi. Pananipwaya, dada.

Mdogo wako,
Futi