Ng'ombe wa Mama Kabula

Shinyanga, Alhamisi, kiangazi 1953

Nimeisoma tena rufani yangu, na sioni njia.

Ng'ombe sita wa Mama Kabula wako zizini kwa jirani, kwa desturi yetu ya kubilisa: mjane asiye na mchungaji humkabidhi mwenzake mifugo aitunze, naye hufaidi maziwa. Amri ya serikali ya kupunguza mifugo imewahesabu kuwa mali ya jirani, naye sasa amezidi idadi inayoruhusiwa. Jumamosi watauzwa mnadani.

"Shikamoo, mama," nilimwambia asubuhi, nikiwa na jibu la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, mkononi.

"Marahaba. Amekubali?"

"Amekataa. Na uamuzi wake haupelekwi mahakamani."

Alicheka kidogo. "Sasa mwanangu, Ulaya ulikwenda kusomea nini? Mimi nikilala kwa jirani, kesho nimekuwa mke wake?"

Sheria inasema mwenye ng'ombe ni mwenye zizi wanamolala.

"Nani aliandika maneno hayo?" akauliza.

"Serikali," nikajibu.

Miaka mitatu iliyopita, nilipoajiriwa Dar es Salaam kutunga kanuni, nilikiandika kifungu hicho kwa mkono wangu, pamoja na kile kinachozuia mahakama kuingilia. Nilikiona kifupi na safi. Huenda mwingine angeandika kibaya zaidi. Au huenda hilo nalo najidanganya, maana sikuwa na udhuru wa kutojua.

Ng'ombe ambao baba aliwauza ili mimi nisome walikuwa wamelala miaka yote katika zizi la mtu mwingine.