Kumi na Moja Mara Mbili

Kwako Dada,

Shikamoo. Naandika nikitumaini kwamba goti lako limepoa na shemeji amepona kikohozi. Sisi huku tu wazima. Wifi yako anakusalimu, na watoto wanamaliza viatu utadhani wanavitafuna. Uliniuliza mbona nimekuwa kimya. Nitakueleza, ila lazima nianze na bibi mmoja ambaye hujapata kumwona.

Tunamwita Mwalimu. Alifundisha hesabu miaka thelathini, na tangu astaafu ndiye anayepiga hesabu za kalenda ya Wahindu wa mji huu, ambayo sisi pale kiwandani kwetu huichapa kila mwaka. Ni mjane wa miaka sabini na tisa, mwembamba, macho yameingia ukungu, lakini kwa kichwa hakuna wa kumfikia. Huinama mpaka pua inakaribia kugusa daftari, akaandika mbingu za mwaka mzima kwa penseli. Mimi, hata siku aliyozaliwa mke wangu hukumbushwa.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba siku ya mwezi haifuati saa zetu. Yaweza kuanza adhuhuri, ikawa fupi au ndefu, na kinachotazamwa ni ipi iliyopo jua linapochomoza. Ndiyo maana ile ya kumi na moja, Ekadashi, inayofungwa mara mbili kila mwezi, mwezi ukikua na ukipungua, bila nafaka wala kunde, huwezi kuihesabu kwa vidole. Siku nyingi za namna hiyo matunda na maziwa huruhusiwa. Lakini kuna moja katika mwaka, wakati wa joto kali, ambayo hata tone la maji halipiti kooni toka macheo hadi macheo. Mwalimu hajaikosa tangu mumewe afariki, miaka arobaini na moja. Aliniambia hiyo ndiyo zawadi pekee anayoweza bado kumpelekea. Hakusema kwa kujisifu. Alisema huku akichonga penseli.

Sasa sikia ujinga wangu. Nilipokuwa napanga ukurasa wa mwezi wa mfungo huo, nilikuta daftarini kumi na moja imeandikwa mara mbili, siku mbili mfululizo. Nikacheka peke yangu, nikasema bibi kazeeka. Nikafuta ya pili, nikazisogeza zilizofuata, nikajiona mwerevu. Sikumuuliza. Ujuaji wangu unaujua tangu utoto.

Kalenda ilitoka nzuri, namba kubwa makusudi kwa ajili yake, maana mwandiko wake mwenyewe hawezi tena kuusoma. Siku ilipofika akafunga kwa kufuata kalenda yangu. Kesho yake asubuhi nikachukua daftari nimrudishie, nikalifungua kulipangusa vumbi. Pembeni mwa ukurasa ule palikuwa na maneno madogo ambayo sikujali kuyasoma: "Mbili ni sahihi. Siku hiyo ni ndefu, jua linaikuta mara mbili. Tunafunga ya pili." Ya pili ilikuwa siku hiyohiyo.

Nilikwenda mbio. Nikamkuta kitini jikoni, midomo imepasuka, anakunywa maji kidogo kidogo huku akitabasamu. Nikisema, atakiweka kikombe chini na kuirudia kiu siku ya pili, kwa umri ule, katika joto lile. Nikinyamaza, nimemwibia siku ya mumewe. Nikanyamaza. Nikamwambia nimepita tu kumjulia hali.

Dada, hili linalofuata hata wifi yako hajui. Siku ile nilifunga badala yake: sikula, na maji sikuyagusa mpaka jua la kesho yake. Sikujua kama lina maana kwa mtu kama mimi, wala sijui sala yao hata moja. Kufika alasiri ulimi ulikuwa kama msasa na mashine naiona mbilimbili. Na nisikufiche: nilinyamaza kwa kumwogopea yeye, lakini sehemu ya woga ule ilikuwa ya kujiogopea mwenyewe.

Jua lilipochomoza nilikuwa mlangoni kwake. Nikamwambia yote nimesimama. Akakasirika, si kwa kosa la kalenda, bali kwa mimi kumwamulia. "Nani alikuambia nisingeweza?" akauliza. Nikasema hakuna. Akataka kujua kwa nini sauti yangu imekauka hivyo. Nikamwambia.

Alifumba macho, machozi yakamtoka, na mimi nikalia kama mtoto. Halafu akainuka, akashika ukuta, akanijazia kikombe mwenyewe.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Mwaka huu mzee wangu amepelekewa zawadi na mtu asiyemjua."

Leo tunachapa karatasi ya masahihisho kwa kila nyumba. Nimeandika kwamba hesabu zilikuwa sawa na kosa ni la mpangaji herufi, yaani mimi. Mkubwa wangu wa kazi hakupenda, lakini nimekataa kuibadilisha.

Msalimie shemeji na wote wanaoniulizia, na lile goti usilibebeshe ndoo.

Ndimi mdogo wako,
Kidole-Wino