Kichupa cha Kwapani

Mama,

Nakusalimu kutoka huku Meru nikiwa ndani ya sweta mbili. Mgongo umepoa? Na mvua, imekumbuka kwetu Kiritiri ama bado inatupita ikienda kwa watu wengine? Mimi ni mzima, na bado ndiye kijana mzuri kuliko wote uliowazaa. Njiru anayekusomea asibishe, asome tu.

Nimepandishwa cheo. Bwawa lote la kuogelea la hoteli sasa liko chini yangu. Lakini usimwambie mtu, sikiliza kwanza.

Unamkumbuka Baba Kinya, yule mzee aliyenifundisha kazi. Maji yetu yanatoka mlimani, asubuhi yanauma kama nyuki. Kabla ya kupima klorini, alikuwa anajaza kichupa, anakibana kwapani mpaka baridi iishe, ndipo anatia dawa ya kupimia na kungoja rangi; ikikolea, klorini ni nyingi. Nilimcheka mbele ya wapishi. Nilimwita kuku anayeatamia. Alinijibu tu, "Maji baridi huchelewa kusema ukweli, kijana."

Jumatano alichelewa, alikuwa amempeleka mkewe kliniki. Nikapima mimi, maji na baridi yake, nikaangalia papo hapo. Rangi ilikuwa hafifu. Nikaongeza klorini. Nikapima tena vilevile, bado hafifu. Nikaongeza tena, huku napiga mluzi. Kichupa nilikuwa nimekiacha juu ya ukuta. Niliporudi kimekuwa chekundu kabisa. Nikasema hilo ni jua tu, nikamwaga.

Saa nne watoto wa shule wakaingia majini. Walitoka wakikohoa, macho kama pilipili. Msichana mmoja mwenye pumu alibebwa. Mpaka leo yuko hospitali, anapumua kwa mashine.

Meneja aliuliza ni nani aliyepima. Mimi, Mama, mwenye mdomo usiojua kufungwa, nikanyamaza. Baba Kinya alinitazama kidogo, akasema, "Bwawa ni langu." Alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Kichupa aliniachia mimi.

Sasa kila asubuhi nakibana kwapani. Wapishi hawacheki.

Kesho naingia kwa meneja kumwambia ni mimi. Kwa hivyo ukiniona njiani na begi, usiniulize mbele ya majirani.

Msalimie nyanya. Mjomba mwambie mbuzi wake asimpe mtu mwingine kuchunga. Na ukiomba, mtaje huyo msichana. Anaitwa Kendi.

Ni mimi mwanao, niliyekuwa na maneno mengi,
Ireri